Miaka Mitano Bila Kushuka: Dodoma Jiji FC katika Ligi Kuu, 2020–2025

Jina lililotamkwa uwanjani

Aprili 26, 2018, Taifa likiadhimisha miaka 54 ya Muungano, Rais John Magufuli alitangaza ndani ya Uwanja wa Jamhuri kwamba Manispaa ya Dodoma sasa ni Jiji. Watu walishangilia. Waliokuwa jukwaani siku hiyo walikuja kwa ajili ya gwaride, ngoma na hotuba. Mpira haukuwa kwenye ratiba. Lakini ukitaka kujua neno la pili katika jina la klabu hii lilitoka wapi, lilitoka pale pale, kwenye nyasi ambazo baadaye zingekuwa uwanja wake wa nyumbani.

Neno la kwanza lina historia ndefu zaidi. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba Dodoma ni *idodomya*, yaani mahali palipozama, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akanasa kwenye tope na kudidimia. Kwa timu ya mpira ni jina la mkosi kidogo. Timu hupanda, timu hushuka, na yetu imetoka mji ambao kwa asili ya jina lake ulizama.

Basi kumbukumbu hii inahusu kutozama. Dodoma Jiji haijawahi kuchukua ubingwa wa Tanzania, wala hatutalazimisha ionekane imekaribia. Ilichofanya ni kupanda Ligi Kuu Julai 2020 na kuendelea kuwamo. Anayeijua ligi hii, na anayekumbuka majina ya timu zilizopanda kwa shangwe zikarudi zilikotoka baada ya msimu mmoja, haihesabu kazi hiyo kuwa ndogo.

Ofisi zenye timu, 1973–2017

Mpira wa Dodoma ulikulia ofisini. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu mjini aliiita CDA. Zama hizo shirika la umma lilikuwa na bendera, mhasibu na timu. Kijana mwenye mguu mzuri aliajiriwa kuwa tarishi au karani, asubuhi akasaini kitabu cha mahudhurio, alasiri akavaa njumu. Mshahara wake ulikuwa wa ofisi, na jasho lake likawa la timu.

Hivyo ndivyo CDA ilivyokuwa jina la uwanjani pamoja na kuwa jina la wapima viwanja. Hivyo ndivyo ilivyokuwako pia timu iliyoitwa Waziri Mkuu. Msomaji kijana asicheke: ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kuhamia huku, na timu ikabeba jina la ofisi. Mtu aliyesikia redioni kwamba Waziri Mkuu amefungwa mabao mawili, alipaswa kusikiliza hadi mwisho kabla ya kushtuka.

Timu za namna hiyo zilikuwa na nguvu moja na udhaifu mmoja, na vyote viwili vilitoka mahali pamoja. Shirika likiwa na fedha, timu inakula. Shirika likipunguza wafanyakazi, wa kwanza kuonekana hana kazi ya maana ni yule karani anayeondoka saa tisa kwenda mazoezini. Mageuzi ya uchumi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 yaliziondoa timu za mashirika nchi nzima, si Dodoma pekee. Polisi Dodoma walishika kijiti kwa muda wao; mara ya mwisho walionekana Ligi Kuu msimu wa 2011/12, wakashuka pamoja na Villa Squad na Moro United. Baada ya hapo mji wenye Bunge ukabaki bila timu ya ligi kubwa kwa miaka minane.

Miaka hiyo minane ina kejeli yake. Ndiyo miaka ambayo Serikali ilihama kweli. Julai 25, 2016, katika Siku ya Mashujaa, ilitangazwa kwamba safari hii hakuna kusubiri tena. Oktoba mwaka huo Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipotembelea nchi aliahidi uwanja mkubwa wa mpira Dodoma. Uwanja huo haukujengwa, lakini ahadi yenyewe ilizungumzwa vijiweni kwa muda mrefu, na swali lililofuata daima lilikuwa moja: utachezewa na nani?

Mei 2017 CDA ikavunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa. Kwa wengi hiyo ilikuwa habari ya viwanja na hati. Kwa mpira ilikuwa na maana nyingine: mamlaka ya mji na ardhi ya mji vikawa chini ya paa moja, na mwaka huo huo jina la Dodoma FC likaanza kusikika Ligi Daraja la Kwanza.

Misimu miwili ya kukosa, 2017–2019

Kocha wa kwanza kuibeba Dodoma FC kwa matumaini makubwa alikuwa Jamhuri Kihwelo, yule ambaye nchi nzima inamwita Julio. Alikuja akiwa na sifa iliyotakiwa: mwaka 2015 aliipandisha Mwadui ya Shinyanga kwenda Ligi Kuu. Kwa hiyo Jamhuri akafundisha Jamhuri, na watani hawakukosa la kusema.

Msimu wa 2017/18 mlango ulikuwa wazi kuliko kawaida. Ligi Kuu ilikuwa inapanuliwa hadi timu 20, hivyo Daraja la Kwanza, lenye timu 24 katika makundi matatu, lilitoa timu sita, mbili kila kundi. Kundi la Dodoma likawatoa Biashara United ya Mara na Alliance ya Mwanza. Dodoma FC ikabaki. Msimu uliofuata waliopanda moja kwa moja walikuwa Namungo na Polisi Tanzania. Dodoma FC ikabaki tena.

Kubaki mara mbili ukiwa karibu na mlango kunachosha kuliko kushindwa wazi. Mchezaji wa Daraja la Kwanza anacheza kwa mkataba mfupi, na anajua kwamba timu iliyokosa mwaka huu mara nyingi huanza upya mwaka ujao: nusu ya kikosi inaondoka, kocha anaondoka, kiongozi anayebaki anaanza kuulizwa fedha zimekwenda wapi. Kama klabu hii ingekuwa ya mtu mmoja tajiri aliyechoka, huenda historia yake ingeishia hapa.

Haikuishia. Halmashauri ya Jiji iliendelea kuimiliki, jina likawa Dodoma Jiji, na kwa msimu wa 2019/20 benchi la ufundi likakabidhiwa Mbwana Makata.

Mwalimu Makata na mechi 22, 2019/20

Makata hakuwa mgeni wa ngazi hizi. Mwaka 2018 ndiye aliyeanza Ligi Kuu na Alliance, wale wale waliopita mbele ya Dodoma. Alijua kilichoipita Dodoma.

Inafaa tueleze ligi aliyoikuta ilivyokuwa, maana wengi huiona kwenye mstari mmoja wa gazeti tu. Timu 24, makundi mawili, kila kundi timu 12. Mechi 22, nyumbani na ugenini. Anayeongoza kundi anapanda moja kwa moja. Wa nyuma yake wanaingia kwenye mchujo dhidi ya timu za Ligi Kuu zinazopigania roho zao. Mechi 22 ni chache. Ukipoteza tatu mfululizo mwezi wa kwanza, msimu wako umebaki wa kuwinda wenzako wateleze.

Kocha wa daraja hilo ni mwalimu, dereva wa mioyo na wakati mwingine mtunza vifaa. Viwanja vingi vina nyasi pembeni na vumbi katikati, kwa hiyo pasi fupi inayopendeza mazoezini inakuwa zawadi kwa mpinzani. Mpira unadunda bega, unadunda tena, na beki anayetaka kuutuliza kwanza anakuta straika ameshapita. Kazi ya kwanza ya kocha ni kumfundisha mchezaji wake kipi asifanye. Kazi ya pili ni mipira ya kutenga: kona na faulo, kwa sababu kwenye uwanja mbovu ndiyo nafasi pekee ambapo mpira umesimama na kila mtu anajua pa kukaa. Kazi ya tatu ni safari. Timu inayosafiri kutwa kwa basi na kufika usiku inacheza kesho yake alasiri kwa miguu iliyovimba, na kocha asiyepanga mapumziko kama anavyopanga kikosi atalaumu bahati.

Katika haya Dodoma ina faida ya asili ambayo haisemwi sana. Mji uko katikati ya nchi. Barabara za Singida, Iringa, Arusha na Morogoro zote zinakutana hapa. Timu ya Mtwara ikienda Kagera inavuka nchi nzima. Timu ya Dodoma kila iendako imekwisha fika nusu.

Machi 17, 2020, ligi zote zikasimamishwa kwa sababu ya korona. Kwa timu iliyokuwa inakimbia vizuri hakuna adui mbaya kama kusimama: wachezaji wanarudi makwao, mwili unapoa, mshahara unaendelea kudaiwa huku mlango wa uwanja umefungwa. Juni ruhusa ya kurudi ikatolewa. Wengine walirudi wazito. Dodoma Jiji ilimaliza ikiongoza kundi lake, na Julai 2020 ikapanda. Kundi lingine likatoa Gwambina ya Misungwi. Nyuma ya Dodoma Jiji, Ihefu ya Mbeya ikaenda mchujo na kuitoa Mbao ya Mwanza.

Jirani aliyeshuka siku tulizopanda

Mwezi ule ule Singida United ilikuwa inashuka.

Hili linastahili kusemwa polepole, kwa sababu Singida ni jirani, kilomita zisizofika 250 kwa lami, na kwa miaka mitatu ndiyo iliyokuwa timu ya nyanda hizi za kati. Klabu iliyoasisiwa mwaka 1972 ilipanda upya msimu wa 2016/17 chini ya Fred Felix Minziro, kisha ikamchukua Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyekuwa ametoka kuipa Yanga ubingwa. Uwanja wa Namfua ukajaa. Juni 2, 2018, Singida United ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Arusha na kufungwa na Mtibwa Sugar 3–2. Miaka miwili baada ya fainali hiyo ilikuwa imeshuka, pamoja na Ndanda, Lipuli na Alliance.

Hatuandiki haya kwa kumcheka jirani. Tunayaandika kwa sababu viongozi wa klabu yetu walipanda ngazi wakimtazama mtu anayeteremka ngazi ile ile. Singida yenyewe haikukaa kimya: mwaka 2022 timu ya DTB ilihamia huko na kuitwa Singida Big Stars, na mwaka 2024 Ihefu, ile ile iliyopanda nyuma yetu, ikahamia na kuwa Singida Black Stars, ambayo Septemba 2025 ilibeba Kombe la Kagame. Kwa matokeo, Singida wametupita. Kwa ukoo wa timu, timu tunayoisherehekea hapa ni ile ile ya Daraja la Kwanza, mji ule ule, uwanja ule ule.

Msimu wa kwanza, 2020/21

Mechi ya kwanza ya Ligi Kuu ilichezwa Jamhuri, Septemba 2020, na aliyekuja alikuwa Mwadui. Ile ile ambayo Julio aliipandisha mwaka 2015. Dodoma Jiji ikashinda 1–0.

Msimu ule uwanja ulikuwa na wapangaji wawili. JKT Tanzania nao walitumia Jamhuri kama nyumbani, kwa hiyo nyasi hazikupumzika. Dodoma mvua hunyesha kuanzia mwishoni mwa mwaka na kwisha Aprili. Miezi mingine yote nyasi zinaishi kwa mpira wa bomba, na upepo wa kiangazi unachukua kile ambacho maji hayakukishika. Anayetaka kuelewa kwa nini timu hii imezoea mpira wa nguvu na wa moja kwa moja aende akanyage pale mwezi wa tisa.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna ratiba ya ligi iliyoweza kulipanga. Machi 22, 2021, Uwanja wa Jamhuri ulipokea jeneza la Rais Magufuli, yule aliyetangaza Jiji papo hapo miaka mitatu kabla. Marais wa nchi za jirani na mbali walikaa jukwaa kuu.

Ligi ya mwaka huo ilikuwa na timu 18 na ilikuwa inapunguzwa, hivyo nne zilishuka moja kwa moja. Nne hizo zilikuwa Mwadui, JKT Tanzania, Ihefu na Gwambina. Soma tena majina hayo. Aliyecheza nasi mechi ya kwanza, mpangaji mwenzetu, na wote wawili waliopanda pamoja nasi. Katika timu tatu zilizoingia ligi mwaka 2020, ni moja tu iliyovuka mwaka.

Orodha ya walioondoka

Tumeona ni afadhali kuweka hapa jedwali la walioshuka kuliko la mabao yetu. Linasema zaidi.

| Msimu | Zilizoshuka kutoka Ligi Kuu | Dodoma Jiji |
|---|---|---|
| 2020/21 | Mwadui, JKT Tanzania, Ihefu, Gwambina | Imebaki |
| 2021/22 | Biashara United, Mbeya Kwanza | Imebaki |
| 2022/23 | Ruvu Shooting, Polisi Tanzania, Mbeya City (kwa mchujo) | Imebaki |
| 2023/24 | Mtibwa Sugar, Geita Gold | Imebaki |
| 2024/25 | Kagera Sugar, KenGold | Imebaki |

Ndani ya jedwali hili wamo Biashara United, waliotupita mwaka 2018, wakamaliza wa nne mwaka 2021 na kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, kisha wakashuka msimu uliofuata. Wamo Polisi Tanzania, waliotupita mwaka 2019. Wamo Mtibwa na Kagera, timu za viwanda vya sukari ambazo kizazi kizima kilidhani hazishuki. Baadhi wamekwisha rudi, na heshima yao ipo.

Benchi la ufundi

Baada ya Makata klabu ilipita mikononi mwa walimu wa asili tofauti kabisa. Masoud Djuma wa Burundi alikuja akiwa amewahi kuipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda na kufanya kazi Simba. Akafuata Melis Medo, Mmarekani, halafu Francis Baraza wa Kenya, ambaye alikuwa ameshazoea ligi hii akiwa Biashara na Kagera Sugar. Msimu wa 2024/25 ulikuwa wa Mecky Maxime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars. Mwaka 2025 akaja Vincent Mashami, aliyewahi kuinoa timu ya taifa ya Rwanda.

Makocha sita kwa miaka mitano ni wengi. Kitabu cha kumbukumbu kisichosema hivyo kitakuwa kinapamba. Kila kocha mpya huja na matakwa yake: huyu anataka mabeki watatu, yule anataka mawinga, mwingine anaomba kipa mwingine dirisha dogo. Mchezaji aliyesajiliwa kwa mfumo wa Januari anakaa benchi kwenye mfumo wa Agosti. Mtu akiuliza kwa nini timu hii inaishi katikati na nusu ya chini ya msimamo badala ya kupanda juu, jibu la kwanza lipo kwenye orodha hii ya majina, na jibu la pili lipo kwenye fedha.

Fedha za umma, mpira wa umma

Dodoma Jiji ni mali ya Halmashauri ya Jiji. Iko kwenye ukoo mmoja na KMC ya Kinondoni na Mbeya City. Mbeya City ndio waliofungua njia: waliundwa mwaka 2011, wakapanda 2013 na kumaliza wa tatu msimu wao wa kwanza chini ya Juma Mwambusi. Nchi nzima ikaona kwamba halmashauri inaweza kuwa na timu inayotisha. Miaka kumi baada ya kupanda wakashuka, kisha wakarejea kwa msimu wa 2025/26. Hayo yote mawili ni mafunzo kwa klabu yenye baba wa aina hiyo.

Klabu ya halmashauri ina mwenye mali asiyekufa na asiyefilisika kwa usiku mmoja. Hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini fedha yake ni ya umma, na fedha ya umma hupita mezani. Bajeti inajadiliwa na madiwani, na diwani ambaye kata yake haina zahanati ana haki ya kuuliza kwa nini straika analipwa. Hapo mkurugenzi lazima ajibu, na majibu ya mkurugenzi hukaguliwa.

Kwa bahati, mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, wakati ambapo dirisha la usajili nalo hufunguka. Kwa bahati mbaya, fedha iliyopitishwa Julai haiwi mkononi Julai. Mchezaji mzuri hasubiri hati ya malipo ipite ofisi tatu; atasaini kwa anayemlipa leo. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ujuzi mkubwa wa klabu hii upo kwa wasimamizi waliojifunza kusajili kwa kasi ya ofisi na bado wakapata kikosi. Kazi hiyo haionekani kwenye televisheni.

Televisheni yenyewe ilibadilisha hesabu. Mei 2021, kuelekea mwisho wa msimu wetu wa kwanza, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Oktoba mwaka huo benki ya NBC ikachukua udhamini mkuu wa ligi kutoka kwa Vodacom. Kuanzia hapo kubaki Ligi Kuu kukawa na bei inayojulikana, na kushuka kukawa na hasara inayohesabika. Timu iliyobaki 2021 ilibaki wakati mzuri.

Barabara ya Kusini, Februari 2025

Februari 9, 2025, Dodoma Jiji ilicheza na Namungo huko Ruangwa na kutoka sare. Siku iliyofuata, timu ikiwa njiani kurudi, basi lake lilipata ajali mkoani Lindi, kati ya Nangurukuru na Somanga. Wachezaji na watu wa benchi waliumia. Hakuna aliyepoteza maisha.

Mashabiki hujua timu kwa jezi. Siku ile waliijua kwa picha za ajali. Mechi na Simba iliyokuwa ifuate ikaahirishwa. Ilipochezwa, Machi 14, Simba walishinda 6–0. Hatukulifuta tokeo hilo kwenye kumbukumbu. Timu ilirudi uwanjani, ikafungwa, ikaendelea, na msimu ulipokwisha walioshuka walikuwa wengine.

Faida ya kukaa katikati ya nchi inakoma pale ambapo nchi ina kusini, na kusini kuna Ruangwa. Timu zetu zinaishi barabarani. Kila msimu hupita kwa mikono ya dereva mmoja au wawili ambao majina yao hayatajwi kikosi kinaposomwa.

Jukwaa

Nimeacha suala gumu kuliko yote hadi hapa. Timu hii inapendwa na nani?

Nenda Jamhuri siku Simba au Yanga wanapokuja. Asubuhi wauza jezi wamekwisha panga bidhaa kwenye uzio. Karanga, ubuyu, maji ya baridi, zabibu za msimu zinazopimwa kwa kopo. Ifikapo saa nane jukwaa limekuwa jekundu upande huu, kijani na njano upande ule, na wenyeji wenye jezi ya wenyeji unaweza kuwahesabu bila kuchoka. Dodoma Jiji ikipata bao, kelele inatoka nyembamba, inatoka mahali pamoja. Mgeni akisawazisha, mji mzima unasikia.

Sababu si ngumu. Serikali ilipohama, watumishi walihama na mizigo yao, na Simba na Yanga vilikuwa ndani ya mizigo hiyo. Mtu aliyezaliwa Temeke na kuhamishiwa wizarani Mtumba hawezi kuacha timu ya baba yake kwa sababu ya barua ya uhamisho. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mgeni wa Dar es Salaam anapanda asubuhi na kuwa jukwaani alasiri, rahisi kuliko mkazi wa Mpwapwa.

Pamoja na hayo kuna kitu kinachokua. Walima Zabibu, kama mashabiki wanavyojiita kwa zao la mkoa huu, wana kona yao. Wanaoenda mechi ya Jumatano dhidi ya timu isiyo na jina kubwa, jua la saa kumi likiwapiga usoni, ndio wenye timu. Watoto waliokuwa darasa la kwanza timu ilipopanda walimaliza la sita mwaka 2025, na katika umri wote wanaoukumbuka, mji wao umekuwa na timu Ligi Kuu. Wazazi wao hawakuwa na bahati hiyo. Mpira wa mji nao umepanuka nje ya klabu: wasichana wa shule ya Fountain Gate walitwaa ubingwa wa Afrika wa shule mwaka 2023 huko Durban, taji kubwa kuliko lolote ambalo wanaume wa mji huu wamelileta.

Matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1973 | Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. CDA yaundwa |
| 2011/12 | Polisi Dodoma yashuka. Mji wabaki bila timu Ligi Kuu |
| 2017 | CDA yavunjwa. Dodoma FC chini ya Jamhuri Kihwelo yaanza kuwania kupanda |
| Aprili 26, 2018 | Dodoma yatangazwa Jiji, Uwanja wa Jamhuri |
| 2018 na 2019 | Dodoma FC yakosa kupanda mara mbili mfululizo |
| Julai 2020 | Dodoma Jiji, chini ya Mbwana Makata, yapanda Ligi Kuu |
| Septemba 2020 | Mechi ya kwanza: Dodoma Jiji 1–0 Mwadui |
| Julai 2021 | Msimu wa kwanza wakamilika. Gwambina na Ihefu, waliopanda pamoja nayo, washuka |
| Februari 10, 2025 | Ajali ya basi la timu mkoani Lindi |
| Juni 2025 | Msimu wa tano wakamilika Ligi Kuu |

Uwanja mpya umeanza kujengwa Nzuguni, upande wa mashariki wa mji, na safari hii mitambo imeonekana kwa macho. Utakapokamilika, Jamhuri itabaki na gwaride na kumbukumbu zake, na Walima Zabibu watahamisha kona yao kwenda kwenye viti vingi zaidi. Hadi siku hiyo timu inafanya mazoezi asubuhi, kabla upepo haujaanza, na anayetaka kuiona anaweza kufika akiwa na mwanawe, akasimama kando ya mstari, na kumwonyesha yupi ni namba sita.